Elektroni ya Kumi na Moja

Kapu la mama anayetoka Buguruni kufuata mahitaji Kariakoo huwa na mchanganyiko wa ajabu. Zimo pakiti za chumvi za kuuza gengeni. Yamo magadi ya kulainishia maharage na makande. Kama yumo kwenye kikundi cha kutengeneza sabuni, itakuwepo pia kostiki soda, vile vipande vyeupe vyembamba ambavyo muuzaji huvifunga mara mbili na kumkumbusha mteja asivishike kwa mkono mtupu. Yatakuwepo magadi soda ya unga kwa ajili ya sabuni ya maji, na pengine chupa ya Jik ya kufulia mashuka meupe. Kimoja huliwa kila siku, kingine huua vijidudu, kingine kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Bei hazilingani, harufu hazilingani, na si rahisi kuvipata vyote kwenye duka moja.

Ndani ya vyote vitano mna elementi moja: sodiamu.

Sodiamu yenyewe ikiwa peke yake haiuzwi kwenye meza yoyote ya Mtaa wa Mkunguni wala Tandamti, na ni heri iwe hivyo. Ni metali laini ya rangi ya fedha, inakatika kwa kisu cha mezani. Maabara huihifadhi ndani ya mafuta kwa sababu hewa na unyevu wake tu vinatosha kuiharibu. Kipande kidogo kikitupwa kwenye beseni la maji hukimbia huku na huku juu ya maji kikichachatika, huyeyuka kuwa tone la mviringo, na gesi ya haidrojeni inayotoka huweza kushika moto na kuwaka kwa mwali wa njano. Mtu wa kwanza kuiona kwa macho alikuwa Mwingereza Humphry Davy, jijini London, Oktoba 1807. Alipitisha umeme wa betri kwenye kostiki iliyoyeyushwa kwa moto, kostiki ileile ya watengeneza sabuni, na metali ikajitenga. Kabla ya siku hiyo binadamu walikuwa wameila sodiamu kwa maelfu ya miaka bila kujua kwamba ipo.

Sasa metali inayowaka ikikutana na maji inafikaje kwenye sahani ya pilau bila kumdhuru mlaji? Jibu linakaa kwenye elektroni moja tu.

Kila atomu ina kiini katikati, na elektroni zinazokizunguka. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 ndani ya kiini na elektroni 11 nje yake, kwa hiyo chaji chanya na chaji hasi zinalingana. Kilichobaki, yaani karibu atomu nzima, ni uwazi mtupu. Kiini cha sodiamu kikikuzwa mpaka kilingane na limau lililowekwa katikati ya soko la Kariakoo, elektroni ya nje kabisa ingekuwa zaidi ya kilomita moja kutoka hapo, upande mmoja ikiwa imeipita Mnazi Mmoja, upande wa pili ikiwa bondeni Jangwani. Kemia ya jikoni, ya sabuni na ya gereji hufanyika huko pembeni. Kiini hakiguswi: sodiamu ya baharini, ya kwenye chumvi, ya kwenye damu na ya kwenye jasho la mchukuzi wa mizigo ni ileile.

Elektroni hazikai ovyo. Hujipanga kwa matabaka, na kila tabaka lina kikomo chake. La kwanza hubeba mbili, la pili nane. Hapo zimetimia kumi, na ya kumi na moja hulazimika kukaa peke yake kwenye tabaka la tatu, mbali na kiini na ikiwa imekingwa na zile kumi za ndani. Mwanafunzi wa kidato cha pili huandika 2:8:1 na kusonga mbele. Elektroni za tabaka la nje, iwe ni hiyo moja ya sodiamu au saba za klorini, ndizo wanakemia wanazoziita elektroni za valensi. Idadi yake ndiyo inayoamua atomu itaungana na atomu gani, ngapi, na kwa namna gani.

Elimu hii si ya zamani sana. Elektroni ilitambuliwa mwaka 1897 na J. J. Thomson wa Cambridge. Mwaka 1916 wanasayansi wawili ambao hawakuwa wakifanya kazi pamoja walichapisha maelezo ya jinsi elektroni za nje zinavyounganisha atomu. Walther Kossel, akiwa Ujerumani iliyokuwa vitani, alieleza atomu zinazotoa elektroni na nyingine kuzipokea. Gilbert Newton Lewis, wa Chuo Kikuu cha California, alieleza atomu zinazotumia jozi moja ya elektroni kwa pamoja, na akawa anachora elektroni kwa nukta kuzunguka herufi ya elementi. Nukta hizo zingali zinachorwa kwenye madaftari ya shule za sekondari za Azania na Jangwani. Septemba ya mwaka huohuo majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam, na kambi ya wapagazi wao wa Carrier Corps ikaacha jina la Kariakoo kwenye eneo ambalo leo kila mfanyabiashara wa Afrika Mashariki analijua.

Darasani mambo huelezwa hivi: sodiamu "inataka" kutoa elektroni yake, klorini "inataka" kupokea, basi zinakubaliana na chumvi inapatikana. Maelezo haya hukumbukwa kwa urahisi, ila yanapotosha. Atomu haina matakwa, na sodiamu haiachii elektroni yake bure. Kuzing'oa elektroni hizo za nje kutoka kwenye atomu zote za gramu 23 za mvuke wa sodiamu kunagharimu kilojuli 496. Klorini, ikipokea elektroni hizo kwa kiasi kinacholingana, hurudisha kilojuli 349 tu. Kwa hesabu ya dukani, hiyo ni hasara ya 147. Kama biashara ingeishia hapo, chumvi isingekuwepo duniani.

Deni hulipwa na kinachofuata. Sodiamu iliyopoteza elektroni imebaki na protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji chanya. Klorini iliyopokea ina chaji hasi. Atomu zenye chaji namna hii huitwa ioni, na chaji zisizofanana huvutana. Ioni hizo zinapojipanga safu kwa safu, kila sodiamu ikizungukwa na klorini sita na kila klorini ikizungukwa na sodiamu sita, nishati inayotoka ni kilojuli 787 hivi kwa kiasi kilekile. Hasara ya 147 inafutika na faida kubwa inabaki. Faida hiyo ndiyo inayofanya chumvi iwe kitu kigumu ambacho hakiyeyuki mpaka kifikie nyuzi 801 za Selsiasi.

Kwa nini basi sodiamu isitoe elektroni mbili, ipate mvuto mkubwa zaidi? Kwa sababu ya pili ingebidi itoke kwenye tabaka la ndani, lile lenye nane, karibu zaidi na kiini. Kuing'oa hiyo kunagharimu zaidi ya kilojuli 4,500, mara tisa ya ile ya kwanza, na hakuna mvuto wa ioni unaoweza kufidia gharama hiyo. Ndiyo maana chumvi ya visima vya Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, haina tofauti ya msingi na chumvi inayoanikwa na jua Bagamoyo, Lindi au Pemba. Kote ni sodiamu moja kwa klorini moja.

Pakiti ya chumvi ya nusu kilo, kwa uzito, ina sodiamu gramu 197 hivi na klorini gramu 303 hivi. Ya kwanza tumeshaiona ikikimbia kwenye beseni. Ya pili, ikiwa peke yake, ni gesi ya rangi ya kijani na manjano, nzito kuliko hewa, ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Klorini ina elektroni saba kwenye tabaka la nje na nafasi moja wazi. Ikiingia kwenye koo na mapafu huzivamia elektroni za chochote inachokutana nacho, na tishu huungua. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoifanya iwe dawa ya maji: matone ya WaterGuard au klorini inayotiwa kwenye mitambo ya maji huharibu utando wa nje na sehemu za ndani za bakteria wa kipindupindu kwa njia ileile inavyoharibu mapafu, tofauti ikiwa kipimo. Klorini ya kwenye chumvi haifanyi lolote kati ya hayo. Nafasi yake ya nane imeshajaa.

Ni jambo la kutafakari kwamba kati ya sumu ya vitani na kiungo cha kachumbari pana elektroni moja tu.

Tabia za chumvi zinazoonekana kwa macho nazo hutokana na mpangilio uleule. Chukua bonge la chumvi ya mawe uligonge kwa mtwangio: halibonyei, linapasuka, na mara nyingi vipande vinakuwa na nyuso bapa na pembe za mraba. Hata punje za chumvi laini, zikitazamwa kwa kamera ya simu iliyosogezwa karibu, nyingi ni vijisanduku vidogo. Pigo la mtwangio husukuma safu moja ya ioni kidogo tu pembeni, chanya ikajikuta inatazamana na chanya, hasi na hasi, zikasukumana, na bonge likaachana.

Mafundi wa Gerezani wanaogonga bati tangu asubuhi hadi jioni kutengeneza majiko na masanduku wasingekuwa na kazi kama chuma kingekuwa na tabia hiyo. Kwenye metali, elektroni za nje haziko kwa atomu moja. Zimeachiwa zizunguke kati ya atomu zote, na atomu zimeshikamana kwa sababu ya hizo elektroni za wote. Nyundo ikisogeza safu ya atomu, elektroni huzifuata na mshikamano unabaki. Kwa hiyo bati hukunjika bila kukatika. Na kwa kuwa elektroni hizo ni huru kutembea, metali hupitisha umeme. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo suala hili lina bei: waya wa shaba tupu ni ghali, na sokoni kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa nje. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, kwa hiyo waya kama huo ukibebeshwa mzigo uliokusudiwa shaba hupata moto. Fundi makini hukwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ikitokea rangi nyeupe chini ya ile nyekundu, anaurudisha.

Magadi yana hadithi ndefu zaidi kuliko chumvi. Humu sodiamu imetoa elektroni yake kwa kundi la kaboni na oksijeni, na kundi hilo zima ndilo linalobeba chaji hasi. Hutoka Bonde la Ufa: Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuchimba ilianza mwaka 1911. Kusini mwa Ziwa Natron umesimama Oldonyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamaasai, na ndio volkano hai pekee inayojulikana duniani ambayo hutoa lava ya kabonati za sodiamu, jamaa wa karibu kabisa wa magadi. Lava yake ina nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi na nyepesi, na kwa muda mfupi hugeuka nyeupe kwa kufyonza unyevu wa hewani. Wanajiolojia walipoichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibidi waandike upya sehemu ya vitabu vyao.

Mama lishe hahitaji volkano ili ajue kazi ya magadi. Anajua kwamba kijiko kidogo kinapunguza muda wa maharage kukaa motoni, na mkaa una bei. Kinachotokea ndani ya sufuria ni hesabu ya elektroni za nje. Ganda la harage na kuta za seli zake zimeshikiliwa na pektini, nyuzinyuzi ndefu zilizolala ubavu kwa ubavu. Kati ya uzi na uzi zimo ioni za kalsiamu. Kalsiamu ina elektroni mbili za nje. Ikizitoa hubaki na chaji mbili chanya, na kwa chaji mbili inaweza kushika uzi wa huku na uzi wa kule kwa wakati mmoja. Magadi yanapoyeyuka, sodiamu hujaa majini na kuchukua nafasi za kalsiamu. Lakini sodiamu ina chaji moja. Inashika uzi mmoja tu, na wa pili unaachiliwa. Juu ya hayo, maji ya magadi yenyewe hukatakata pektini. Nyuzi zinaachana, maji yanapenya, harage linalainika. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini maharage yaliyochemshwa kwa maji ya kisima yenye kalsiamu nyingi hukaa motoni saa na saa na bado yanagonga jino.

Magadi yana gharama yake. Yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, kwa hiyo kijiko cha pili si ukarimu. Baadhi ya magadi ya kaskazini mwa nchi pia yana floridi nyingi. Florini, sawa na klorini, ina elektroni saba za nje, na ioni yake huingia kwenye madini ya jino. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajijenga, meno huota na madoa ya kahawia, hali inayofahamika sana Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya kunywa nayo huchangia sehemu kubwa.

Mpishi mwangalifu atakuwa pia ameona sufuria ya aluminiamu ikiwa nyeusi ndani baada ya kupikia magadi. Aluminiamu ina elektroni tatu za nje, na huzitoa kwa oksijeni ya hewani haraka sana, ikajivika utando mwembamba usioonekana. Utando huo ndio unaoilinda isiliwe. Magadi huudhoofisha. Kostiki huuyeyusha kabisa, kisha huila metali yenyewe huku mapovu ya haidrojeni yakitoka, ndiyo sababu watengeneza sabuni huchanganyia kwenye ndoo za plastiki na si kwenye masufuria.

Kwenye ndoo hiyo ya sabuni ndimo inamoonekana njia nyingine ya atomu kuungana, ile aliyoifafanua Lewis. Mafuta ya nazi au ya mawese yameundwa kwa minyororo ya kaboni. Kaboni ina elektroni nne za nje. Kuzing'oa zote nne ni gharama isiyolipika, na kupokea nne zaidi ni vilevile. Badala yake kaboni hutumia elektroni kwa pamoja na jirani: moja yake na moja ya jirani hufanya jozi inayoshikilia atomu zote mbili. Kwa kuwa ina nne, kaboni moja inaweza kushika majirani wanne, na kaboni kwa kaboni zinaweza kujipanga mnyororo mrefu ambao pembeni umejaa haidrojeni. Asidi ya mafuta iliyo nyingi zaidi kwenye mafuta ya nazi ina mnyororo wa kaboni 12. Kwenye mawese, zilizo nyingi ni ya kaboni 16 na ya 18.

Kostiki inapokorogwa na mafuta hayo huyakata. Gliserini hutoka upande mmoja, na upande mwingine kila mnyororo hubaki na ncha yenye chaji hasi, ambayo sodiamu hukaa kando yake. Hiyo ndiyo sabuni: kitu kimoja chenye aina mbili za muungano, kichwa cha ioni kinachoelewana na maji na mkia wa kaboni unaoelewana na mafuta. Mikia huzama kwenye uchafu wa mafuta, vichwa hubaki majini, na uchafu hubebwa. Sabuni ya nazi, kwa sababu ya ufupi wa mikia yake, hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, sifa ambayo mabaharia waliithamini tangu zamani. Na anayefulia maji ya kisima akaona utando mweupe usiotoa povu ukielea, hapo kalsiamu imerudi tena na chaji zake mbili. Kila moja imeshika vichwa viwili vya sabuni na kuvitenga na maji, na sabuni ya pesa yake imegeuka uchafu.

Kaboni hiyohiyo, ikiwa moja tu na haidrojeni nne, ni methani, gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Leo inachomwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, ndani ya wilaya ileile ya Ilala iliyo na Kariakoo. Kuungua ni kupanga upya jozi za elektroni: kaboni na haidrojeni zinaachana na kila moja inaungana na oksijeni, ambako jozi hushikiliwa kwa nguvu zaidi, na tofauti ya nishati ndiyo joto linalozungusha mitambo.

Si kila atomu inaingia kwenye biashara hizi. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina akiba kubwa ya heliamu, iliyokadiriwa wakati huo kuwa futi za ujazo bilioni 54. Heliamu ina elektroni mbili tu, na tabaka la kwanza linabeba mbili tu. Limejaa. Haitoi, haipokei, haigawani, na haiungui. Thamani yake inatokana na huko kujitenga: huweza kupoozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri bila kuganda, na ndiyo inayopoozesha sumaku za mashine za MRI kwenye hospitali kubwa.

Sodiamu iko upande wa pili kabisa, na jina lake linaporudi Kariakoo linarudi na hatari za kweli. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayefanya biashara ya kemikali asajiliwe, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata hivyo kostiki inayotoka kwenye gunia kubwa na kupimwa kwa kilo humfikia mnunuzi ikiwa haina lebo wala onyo, na hapo uangalizi wa sheria unakuwa umeishia mlangoni. Kwenye kostiki, sodiamu imeshatoa elektroni yake, haina tena haja ya kuwaka. Hatari imehamia kwa mwenzake, kundi la oksijeni na haidrojeni, ambalo hukata mafuta na protini bila kuchagua kama ni mawese au ni ngozi ya mtu.

Kwa hiyo anayetengeneza sabuni nyumbani na azingatie haya. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ikikorogwa. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa sababu joto linalotoka huweza kuyachemsha papo hapo na kuyarusha usoni. Vaa glavu na miwani, na ndoo ikae mbali na watoto, kwani kostiki iliyoyeyuka haina rangi na mtoto mwenye kiu anaweza kuidhania maji. Ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka bila kupumzika kwa angalau dakika 15, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema maumivu yamepungua. Na Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hata kama choo kimeshindikana kung'aa: mchanganyiko huo huiachilia klorini ikawa gesi ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha. Harufu kali ikikupata ukiwa unasafisha, acha kila kitu hapo, toka nje, na mlango uuache wazi.